Jinsi ya kuujenga upya mwaka mmoja wa kale: 168 KK kutoka Pydna hadi Eleusis

Mwaka 168 KK jeshi la Roma liliuvunja ufalme wa Makedonia alasiri moja, karibu na mji wa Pydna. Majuma machache baadaye mjumbe wa Roma aliyeshika fimbo ya mzabibu alimwondoa mfalme wa Siria kwenye ardhi ya Misri bila mkuki kurushwa. Vitabu vingi huyataja mambo haya mawili kwenye sura tofauti, moja la Ugiriki na jingine la Misri, na msomaji hupita bila kuona kwamba la pili limezaliwa na la kwanza. Njia ya kuona ni kuyaweka yote kwenye karatasi moja, kwa kalenda moja, siku kwa siku. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kufanya hivyo. Umechaguliwa 168 KK kwa sababu ni miongoni mwa miaka michache ya zama zile ambayo mbingu zenyewe zimetuachia tarehe.

Vifaa

Chukua karatasi ya A4 uilaze upande mrefu, rula, penseli na kalamu ya wino. Kipimo ni milimita 1 kwa siku 1. Kuanzia Januari 1 hadi Julai 31 ni siku 212, yaani sentimita 21 na milimita 2, na karatasi ina karibu sentimita 30, kwa hiyo nafasi inatosha na pembeni unabaki na mahali pa kuandika majina. Chora mistari mitano ya kulala, mmoja chini ya mwingine: Roma, Iliria (upande wa Albania ya leo), Makedonia, bahari (visiwa vya Delos na Rodo), Misri. Wino ni wa tarehe zilizothibitika tu. Kila kilichokisiwa kiandikwe kwa penseli, hata kama unakiamini sana.

Maandiko ya lazima ni matatu: kitabu cha 44 na cha 45 vya Livius, mwanahistoria wa Roma; vipande vilivyobaki vya kitabu cha 29 cha Polybius, mwanahistoria Mgiriki; na maisha ya Aemilius Paullus, jemadari wa Roma huko Pydna, yaliyoandikwa na Mgiriki Plutarch. Polybius aliishi wakati ule ule, alikuwa na umri wa kuelewa mambo, na baadaye alichukuliwa mateka kwenda Italia kwa sababu ya vita hiyo hiyo. Livius aliandika zaidi ya miaka 100 baadaye na alimfuata Polybius kwa karibu katika habari za mashariki. Jua pia kwamba vitabu vya 41 hadi 45 vya Livius vimetufikia kwa nakala moja tu ya mkono, iliyopatikana mwaka 1527 katika monasteri ya Lorsch, Ujerumani, na karatasi zake kadhaa zimepotea. Mojawapo ya mapengo hayo limeangukia pale pigano la Pydna linapopamba moto. Usishangae ukimwona Livius amekatika katikati ya habari. Ruka kwa Plutarch, kisha urudi.

Cha nne ni orodha ya kupatwa kwa mwezi na jua katika zama za kale. NASA wanayo ya miaka 5,000 na inapatikana bure. Tahadhari moja kabla hujaifungua: wanaastronomia huhesabu mwaka 0, wanahistoria hawana mwaka huo. Mwaka 168 KK kwenye orodha hiyo umeandikwa -167. Ukitafuta -168 utaangukia mwaka mwingine, usipate kupatwa unakokutafuta, halafu uanze kumtuhumu Livius kwa uongo.

Mwaka gani hasa?

Hakuna mtu wa zama zile aliyeuita mwaka huu 168. Kila dola ilikuwa na hesabu yake, na kila hesabu ilianza mwezi wake. Andika zote juu ya karatasi kabla ya kugusa tukio lolote.

Warumi waliutaja kwa majina ya makonsuli wawili, watawala wakuu wa mwaka: Lucius Aemilius Paullus, kwa mara yake ya pili, na Gaius Licinius Crassus. Kwa hesabu ya tangu kujengwa mji wa Roma, toa 168 kwenye 754, unapata 586.

Wagiriki walihesabu kwa Olimpiadi, kipindi cha miaka minne kuanzia 776 KK. Toa 168 kwenye 776, unapata 608. Gawanya kwa 4: 152, hakuna kinachobaki. Ongeza 1 kwenye jibu na 1 kwenye baki: Olimpiadi ya 153, mwaka wa 1. Lakini mwaka wa Olimpiadi huanza kiangazi, kwa hiyo nusu ya kwanza ya 168 KK bado ni Olimpiadi ya 152, mwaka wa 4. Pydna imekaa pale pale kwenye mshono. Ndiyo maana utakuta vitabu viwili vizuri vimeliweka pigano lile lile katika miaka miwili tofauti ya Olimpiadi bila kimojawapo kukosea.

Ufalme wa Waseleuko, ambao mfalme wake alikuwa Antiochus IV, ulihesabu miaka tangu 312 KK. Kwa hesabu ya Kimakedonia iliyoanza majira ya vuli, mwaka wa 144 ni kuanzia vuli ya 169 hadi vuli ya 168. Kwa hesabu ya Babeli iliyoanza majira ya kuchipua ya 311, mwaka wa 144 ni kuanzia machipuo ya 168 hadi machipuo ya 167. Namba ni ile ile, mwaka si ule ule. Anayesoma Kitabu cha Kwanza cha Wamakabayo bila kujua jambo hili hupotea kwa miezi sita, wakati mwingine kwa mwaka mzima.

Misri ilikuwa na mwaka wa pili wa utawala wa pamoja wa ndugu watatu: Ptolemaios VI, Ptolemaios VIII na dada yao Kleopatra II. Mwaka wa Misri ulikuwa na miezi 12 ya siku 30 na siku 5 za ziada, jumla 365, bila mwaka mrefu. Watu wa mwambao wanaoijua hesabu ya Nairuzi, ile ya Siku ya Mwaka na miongo, wataielewa mara moja: ni mwaka wa siku 365 kamili unaoteleza taratibu, siku moja kila baada ya miaka minne. Wakati huu 1 Thoth, siku ya mwaka mpya wa Misri, ilikuwa imeangukia mwanzoni mwa Oktoba.

Piga msumari mmoja

Sasa tafuta tukio moja ambalo tarehe yake haitegemei kalenda ya mtu yeyote. Hapa ni kupatwa kwa mwezi usiku uliotangulia pigano la Pydna. Livius anasimulia kwamba ofisa mmoja, Gaius Sulpicius Gallus, aliwaeleza askari wa Roma mapema kwamba mwezi utapatwa na kwamba hilo ni jambo la maumbile, wasitishike. Plutarch anaeleza jinsi Warumi walivyogonga vyombo vya shaba na kuinua mienge kuuita mwezi urudi, wakati kambi ya Wamakedonia ilijaa hofu na minong'ono kwamba ni dalili ya kuanguka kwa mfalme. Cicero, mwandishi mwingine wa Roma, anasema Gallus alieleza baada ya kupatwa kutokea, wala hakubashiri. Kwa kazi yetu tofauti hiyo haina madhara, maana wote wanakubaliana kwamba mwezi ulipatwa.

Hesabu za wanaastronomia zinaweka kupatwa kwa mwezi kulikoonekana Makedonia jioni ya Juni 21, 168 KK, kwa kalenda ya Juliasi, yaani ile ya Julius Caesar, iliyorudishwa nyuma. Kwa hiyo pigano ni Juni 22. Hii ni siku ya 173 ya mwaka. Pima milimita 173 kutoka kushoto, chora mstari wa wima wa wino unaopita mistari yote mitano, uandike PYDNA. Vitu vingine vyote vitapimwa kutoka hapa.

Livius mwenyewe anatoa ushahidi mwingine kidogo: anasema siku ndefu kuliko zote ya kiangazi ilikuwa imepita, jua linachoma, askari wamechoka kwa vumbi na kiu. Kwa hesabu sahihi siku hiyo ilikuwa bado mbele kwa siku chache. Kosa la siku chache kwa mwandishi wa karne moja na zaidi baadaye ni dogo. Lililo kubwa ni lile linalofuata.

Kugeuza tarehe za Kirumi

Livius anasema mwezi ulipatwa usiku wa kuamkia siku moja kabla ya Nonae za Septemba. Septemba! Mwanafunzi anaandika "Septemba 168", mwalimu anapitisha, na pigano la jua kali linahamia miezi miwili na nusu mbele. Hili ndilo kosa linaloharibu kazi nyingi za mwaka huu, kwa hiyo tulitazame kwa utulivu.

Mwaka wa Kirumi kabla ya Julius Caesar ulikuwa na siku 355. Machi, Mei, Quinctilis (ambao leo ni Julai) na Oktoba ilikuwa na siku 31. Februari 28. Mingine yote 29, pamoja na Sextilis, ambao leo ni Agosti. Anayefuata mwezi mwandamo anajua mwaka wa siku 354 au 355 unavyotembea: Ramadhani hurudi nyuma karibu siku 11 kila mwaka. Warumi hawakutaka miezi yao itembee. Kwa hiyo kila baada ya mwaka mmoja au miwili makuhani waliingiza mwezi wa nyongeza mwishoni mwa Februari, ukaurefusha mwaka kwa siku 22 au 23. Lakini uamuzi ulikuwa mikononi mwa makuhani, na kwa muda mrefu hawakuufanya. Mwaka 190 KK jua lilipatwa Machi 14, na Livius analiandika chini ya Julai 11 ya Kirumi: kalenda ilikuwa imetangulia kwa karibu miezi minne. Kufikia 168 pengo lilikuwa limepungua hadi miezi miwili na nusu, maana yake katikati hapo miezi ya nyongeza ilikuwa ikiingizwa tena.

Tarehe zenyewe huhesabiwa kurudi nyuma kutoka vituo vitatu. Kalendae ni tarehe 1. Nonae ni tarehe 5, na Idus ni tarehe 13, isipokuwa katika ile miezi minne ya siku 31, ambamo Nonae ni 7 na Idus ni 15. Siku ya kituo chenyewe nayo huhesabiwa, kwa hiyo toa, kisha ongeza moja. "Siku ya tano kabla ya Idus za Quinctilis": Idus ni 15; 15 toa 5 ni 10; ongeza 1, ni 11. "Siku moja kabla" ina neno lake, pridie, nayo ni siku inayotangulia moja kwa moja: Nonae za Septemba ni 5, pridie ni 4. Ukihesabu kutoka Kalendae za mwezi unaofuata, chukua siku za mwezi uliomo, ongeza 2, toa namba uliyopewa. Hapa ndipo watu huumia: siku ya 15 kabla ya Kalendae za Oktoba ni Septemba 16, kwa sababu 29 na 2 ni 31, toa 15. Wanaotumia Septemba yetu ya siku 30 hupata 17. Programu za kugeuza tarehe zilizotengenezwa kwa kalenda ya Juliasi hufanya kosa hilo.

Basi Septemba 4 ya Kirumi ni Juni 22 yetu. Kwa kipimo hiki unaweza kupata siku nyingine za mwaka ule. Tujaribu moja yenye faida: lini Paullus alishika ukonsuli? Wakati huo makonsuli waliingia kazini kwenye Idus za Machi, Machi 15. Desturi ya Januari 1 ilianza 153 KK. Hesabu siku kutoka Machi 15 hadi Septemba 4 kwa miezi ya Kirumi:

Machi zilizobaki 16, Aprili 29, Mei 31, Juni 29, Quinctilis 31, Sextilis 29, Septemba 4. Jumla 169.

Pydna ni siku ya 173. Toa 169, inabaki 4. Paullus aliingia kazini Januari 4, katikati ya baridi, ingawa kalenda ya Roma ilisema Machi. Mwezi wa nyongeza hauwezi kuivuruga hesabu hii, kwa sababu uliingizwa Februari tu, na sisi tumetembea kuanzia Machi. Ukitaka kurudi nyuma zaidi ya Februari, simama. Huna hakika tena kama mwezi uliingizwa au la, na unahitaji msumari mwingine. Weka alama ya milimita 4 kwenye mstari wa Roma. Nashauri iwe penseli nzito, kwa kuwa imetokana na hesabu wala hakuna shahidi aliyeiandika.

Saa

Katika jambo hili msomaji wa Kiswahili ametangulia wengine, na ni vizuri asiipoteze nafasi hiyo. Warumi walihesabu saa kuanzia kucha, kama sisi. Plutarch anasema pigano lilianza saa ya tisa na likawa limekwisha kabla ya saa ya kumi. Ni saa tisa yetu ya alasiri. Mfasiri wa Kizungu akiandika "3" na wewe ukaigeuza kwa mazoea kuwa saa tatu, umelihamishia pigano asubuhi. Rudi kwenye namba ya asili kila mara.

Tofauti ni moja: saa ya Kirumi ilikuwa moja ya kumi na mbili ya mchana, mrefu au mfupi. Pydna iko karibu na nyuzi 40 kaskazini, na mchana wa mwishoni mwa Juni huko una takriban saa 15. Kwa hiyo kila saa ya mchana ilikuwa na dakika kama 75, na ya usiku dakika kama 45. Adhuhuri ni mwisho wa saa ya sita. Saa ya tisa inaanza dakika 150 baadaye, saa nane na nusu kwa saa zetu, na kwisha saa kumi kasorobo. Pale Livius anapotaja kupatwa kwa mwezi kuanzia saa ya pili hadi ya nne ya usiku, usiandike saa mbili kamili za ukutani. Saa za usiku wa kiangazi zilikuwa fupi.

Kujaza mistari kwa kurudi nyuma

Ukishakuwa na msumari, chukua maneno ya aina ya "siku ya tano baadaye" uyapime. Livius ameweka hotuba ya Paullus kwa watu wa Roma: alitweka nanga Brundisium, bandari ya Italia, jua linapochomoza, saa ya tisa akafika kisiwa cha Corcyra na meli zake zote, siku ya tano akatoa sadaka Delphi, siku ya tano akafika kambini, na ndani ya siku 15 akamaliza vita iliyowashinda wengine kwa miaka mitatu na zaidi. Hesabu ya Kirumi hujumlisha siku ya kuanzia na ya kuishia, kwa hiyo "siku ya tano" ni siku nne mbele, kama vile mtu anayesema keshokutwa ni siku ya tatu akihesabu na leo. Siku 15 zinazoishia Juni 22 zinaanza Juni 8. Delphi ni Juni 4. Brundisium na Corcyra ni Mei 31. Milimita 159, 155, 151. Penseli, kwa sababu ni hotuba ya mshindi anayejisifu, na mshindi hupenda namba nzuri. Ila mpangilio wake unaaminika.

Katika siku hizo 15 weka mambo ambayo Livius na Plutarch wanayaeleza kwa karibu. Jeshi lilikosa maji. Paullus akautazama mlima Olympus ulivyofunikwa na miti, akaamuru visima vichimbwe chini yake kuelekea pwani, na maji yakabubujika. Walinzi wa usiku akawanyang'anya ngao, kwa sababu askari aliyechoka husimamisha ngao, akaweka kichwa juu yake na kulala amesimama. Kisha ofisa wake Scipio Nasica akapelekwa kuuzunguka mlima ili ngome za Perseus, mfalme wa Makedonia, kwenye mto Elpeus zikose kazi, na mfalme akarudi nyuma hadi Pydna.

Mstari wa Iliria ni mfupi. Mfalme Gentius aliahidiwa na Perseus talanta 300. Akapokea 10, akawakamata wajumbe wa Roma, na Perseus alipoona mwenzake ameshajifunga mwenyewe akazuia zilizobaki. Lucius Anicius Gallus alimaliza vita hiyo ndani ya siku 30, na Gentius akajisalimisha Scodra, leo Shkodër huko Albania. Habari zilifika kambini kwa Paullus kabla ya pigano. Chora mstari wa milimita 30 unaoishia kushoto ya 173, ncha zake ziwe za nukta.

Kutoka Pydna hadi Misri

Hapa ndipo karatasi inapolipa kazi yote. Gaius Popillius Laenas alitumwa na Baraza la Seneti kusimamisha vita ya Antiochus huko Misri. Hakwenda moja kwa moja. Alikaa Delos akisubiri kuona Makedonia itaishia wapi. Aliposikia habari za Pydna, ndipo alipong'oa nanga. Akapitia Rodo, akakaa siku tano, kisha Aleksandria. Mfalme alikutana naye Eleusis, kitongoji kilicho maili 4 za Kirumi kutoka mjini, karibu kilomita 6.

Polybius anaeleza vizuri kilichofuata. Antiochus alinyoosha mkono wa salamu. Popillius hakuupokea; alimpa kibao chenye azimio la Seneti akamwambia asome kwanza. Mfalme aliposoma akasema atashauriana na rafiki zake. Popillius akachora duara mchangani kumzunguka mfalme kwa fimbo ya mzabibu aliyoishika, akamwambia atoe jibu kabla ya kutoka humo. Mfalme akanyamaza kidogo, akasema atafanya wanavyotaka Warumi. Ndipo akapewa mkono.

Alitoka lini Misri? Kwa muda mrefu jibu lilikuwa la kukisia. Kisha katika karne ya 20 vigae vya mtu mmoja aliyeitwa Hor, mtumishi wa ndege watakatifu wa ibisi huko Saqqara, vilichimbuliwa vikiwa vimeandikwa kwa Kidemotiki. Hor alikuwa ameota kwamba Aleksandria itaokoka, na katika kumbukumbu zake akataja Antiochus alivyoondoka Misri mwaka wa 2, siku ya mwisho ya mwezi Payni. Payni ni mwezi wa kumi. Miezi kumi ya siku 30 ni siku ya 300 ya mwaka. Ukianza mwanzoni mwa Oktoba 169, siku ya 300 ni Julai 30, 168. Hiyo ni siku ya 211. Wino, bila kusita: mtu wa wakati ule, wa mahali pale, asiye na sababu ya kumpendeza Roma.

Sasa pima. Kutoka 173 hadi 211 ni milimita 38. Ndani ya nafasi hiyo, pana kama vidole viwili, lazima viingie habari za Pydna kufika Delos, safari hadi Rodo, siku tano za Rodo, safari hadi Aleksandria, duara la Eleusis, na jeshi zima la Siria kufunga virago. Hivyo duara limekaa ndani ya Julai, mapema, na haliwezi kutangulia Pydna kwa namna yoyote. Wasomaji wa Danieli 11:30, penye merikebu za Kitimu zinazomvunja moyo mfalme, wanasoma tukio hili hili. Wengi wa wafafanuzi wanakubali hivyo.

Kwa kila tukio andika tarehe mbili: lilipotokea na lilipojulikana mahali pengine. Wajumbe wa Rodo walikwenda Roma kupatanisha Roma na Perseus. Walipoingizwa mbele ya Seneti, habari za ushindi zilikuwa zimeshafika, na wapatanishi wakalazimika kugeuka watoa pongezi. Seneti haikuwasamehe. Ukiweka tarehe moja tu, utawaona Warodo kama wapumbavu. Kwa tarehe mbili unawaona walivyokuwa: watu waliochelewa na bahari.

Idadi za watu

Usijumlishe wala usitafute wastani. Andika kila namba na mwenyewe. Kwa waliokufa Pydna, Livius anataja Wamakedonia 20,000 hivi. Plutarch zaidi ya 25,000. Upande wa Roma, Livius anasema hawakuzidi 100, wengi wao Wapaeligni, ambao ni washirika wa Italia waliokuwa wa kwanza kuikabili mikuki. Plutarch ananukuu 100 kwa mmoja na 80 kwa Nasica. Kwa kikosi cha Nasica cha kuzunguka mlima, Livius ana 5,000. Plutarch anasema Polybius amekosea na anafuata barua ya Nasica mwenyewe: 3,000 wa Italia wasio Warumi, 5,000 wa ubavu wa kushoto, wapanda farasi 120, na Wathrakia na Wakrete 200. Jumla 8,320. Yule 5,000 yumo ndani ya hesabu hii, na pengine ndiye aliyebaki peke yake katika njia nyingine ya habari. Lakini kumbuka barua ya Nasica ni ya mtu anayesimulia ushujaa wake.

Namba kubwa za maiti upande mmoja na ndogo upande wa pili zina sababu ya kivita. Mkuki wa Kimakedonia, sarisa, ulikuwa na dhiraa 14, zaidi ya mita 6. Safu yake haivunjiki kwa mbele kwenye ardhi tambarare. Ilipopanda vilima ikachanika, na Warumi wenye panga fupi na ngao kubwa wakaingia kwenye nyufa; mtu mwenye mkuki wa mita 6 hana cha kufanya na adui aliyefika kifuani. Baada ya hapo yalikuwa mauaji ya watu wanaokimbia.

Yasiyoingia

Mambo mengi huwekwa 168 kwa sababu yametokana nayo. Yatoe. Kugawanywa kwa Makedonia katika jamhuri nne ni 167. Kuharibiwa kwa miji 70 ya Epirus na watu 150,000 kuuzwa utumwani ni 167. Wagiriki wa Akaya 1,000, Polybius akiwa mmoja wao, walipelekwa Italia 167. Kufutwa kwa kodi ya ardhi na mali kwa raia wa Roma, ambayo haikurudi hadi 43 KK, ni 167. Kunajisiwa kwa hekalu la Yerusalemu wengi hukuhesabu Desemba 167, mwaka wa 145 wa Waseleuko. Ukikuta 168, tazama mwandishi alianzia mwaka kwenye machipuo au kwenye vuli. Nguzo ya Delphi, iliyokuwa imeandaliwa kwa sanamu ya Perseus na Paullus akaamuru iwekwe yake, nayo iko nje ya karatasi, ingawa maandishi yake bado yanasomeka kwa Kilatini: Lucius Aemilius, mwana wa Lucius, jemadari, amevitwaa kutoka kwa mfalme Perseus na Wamakedonia.

Kukamatwa kwa Perseus na Mrumi Gnaeus Octavius katika kisiwa cha Samothrake kunabaki ndani, kulia ya 173, kwa penseli, bila milimita.